Mgongo Mbele ya Madhabahu

"Shusheni simu!"

Sauti ilitoka mbele ya madhabahu, na wala haikuwa ya mchungaji. Ilikuwa ya Obeid Kalinga, mzee mwembamba aliyevaa kizibao cha mifuko mingi, kamera nyeusi ikimning'inia kifuani, mkono mmoja ameuinua juu kama askari wa barabarani.

"Shusheni simu, nasema. Mnanichafulia mwanga. Leo ni picha, siyo mizaha. Mpiga picha hapa ni mmoja."

"Mzee, moja tu ya statasi!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ya statasi kapige kuku wenu," Obeid akamjibu, na kanisa zima likaangua kicheko.

Mchungaji akamtazama bwana harusi. Bwana harusi, mzee Amos Kalinga, kaka yake Obeid, akainua mabega kidogo: mwacheni, ndivyo alivyo. Basi simu zikashuka, zikaingia mikobani na mifukoni, na Obeid akabaki peke yake juu ya zulia jekundu, bwana wa mwanga wote uliopita madirishani.

Siku hiyo, katika kanisa lao pale Mlandege, mjini Iringa, Amos na mkewe Eveline walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kwa watu wengine ilikuwa jubilei. Kwa Obeid ilikuwa ahadi. Walipooana mara ya kwanza, kijijini, mpiga picha aliyeahidiwa kutoka mjini alikwama kwenye tope na hakufika. Obeid, wakati huo kijana ambaye hata ndevu hazijamwota, alimwona shemeji yake amekaa kwenye kiti nje ya nyumba akiwa na gauni jeupe la kuazima, anamngojea mpiga picha. Alingoja mpaka mwenye gauni akaja kulichukua.

"Shemeji, nitanunua kamera mimi," Obeid alimwambia jioni ile. "Nitakupiga mimi."

Kamera akainunua, kwa mshahara wake wa kwanza wa idara ya maji huko Mbeya. Na ikamteka. Alipiga mawingu juu ya mlima Loleza, akapiga ukungu wa Uporoto, akapiga mabomba, madaraja, wachuuzi, watoto, mbuzi. Kila Krismasi alikuja Iringa akawapanga ndugu wote mbele ya nyumba. Alimpiga picha Eveline mara nyingi kuliko mawingu, lakini akiwa na kanga, au na jembe, au na mtoto mgongoni. Akiwa bibi harusi hakuwahi kumpiga. Sasa wanawe walikuwa wamemkodia mama yao shela ya kweli, na Obeid alikuwa amekuja kulipa neno lake.

Alikuwa amekuja na kamera ya dijitali, na hiyo nayo ni habari. Mikanda ya picha ilipopotea madukani, na chumba cha giza cha kusafishia picha cha rafiki yake Selemani pale Mwanjelwa, Mbeya, kikageuzwa stoo ya makava ya simu, Obeid alisusa. Miaka ikapita hapigi. Aliposikia habari za jubilei ndipo akapiga moyo konde, akanunua kamera ya mtumba, akaingia dijitali kama mtu anayeingia ukweni: kwa adabu ya lazima. Lakini kuna jambo moja lilimshinda. Kile kioo cha nyuma, kinachokuonyesha picha papo hapo, alikiona ni aibu tupu. Akakata kipande cha ngozi kwenye mkoba wa kamera yake ya zamani, akakibandika juu ya kioo.

"Picha haichunguliwi," alikuwa akisema. "Hata mimba hatuifungui kuangalia kama mtoto ana pua."

Basi mbele ya madhabahu hakuchungulia. Alipiga magoti, akainuka, akasogea kushoto, akarudi nyuma. Kila baada ya kupiga, kidole gumba chake kilitafuta kile kimkono cha kuvuta mkanda, kikakikosa, kikaona haya, kikarudi mahali pake. Ndani ya tundu la kutazamia kulikuwa na kialama kinapepesa. Akadhani ni cha mwanga, akafungua lenzi kidogo. Amos aliposhika ncha ya shela na kumfunua mkewe, Obeid alikuwa karibu yao kiasi cha kusikia pumzi zao. Eveline akacheka. Obeid akabonyeza, na moyo wake ukasema: nimelipa.

Nje mvua ilikuwa inamwagika. Watu wakakimbilia magari, na ukumbini Eveline akaingia na kitenge cha sare, maana shela ilikuwa imelowa pindo na aliyeikodisha alikuwa anaitaka. Huko ukumbini kila aliyetaka alipiga kwa simu: pilau, keki, wajukuu wakicheza muziki. Obeid hakuwazuia. Kilichokuwa chake alikuwa nacho.

Jumatatu asubuhi alikuwa Mwanjelwa, dukani kwa Junaid, mtoto wa marehemu Selemani. Kijana huyo alikuwa hasafishi mikanda. Alikuwa anachapa picha kubwa za ukutani na kuuza chaja.

"Shikamoo, mzee wangu wa mikanda."

"Marahaba. Leo sina mkanda. Nimekuja kisasa." Obeid akaweka kamera juu ya kaunta kama mtu anayetua mtoto aliyelala. "Nitolee zote. Karatasi nzito. Halafu utanyamaza mwenyewe, hutasema tena kwamba wazee tumepitwa."

Junaid akacheka, akaigeuza kamera, akafungua kimlango cha pembeni. Kicheko kikaisha. Akaingiza kidole. Akainamisha kamera kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, akatazama tena.

"Mzee, kadi umeitoa?"

"Kadi gani?"

"Memori kadi. Humu hamna."

"Ipo humo. Angalia vizuri."

"Mzee wangu, hiki kimlango hakina pa kujificha." Akabandua ile ngozi taratibu, akawasha, akabonyeza. Kioo kikaonyesha kaunta, kisha juu ya kaunta yakatokea maandishi mekundu. Junaid akayasoma kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. "Inasema haina kadi. Na imekuwa ikisema hivyo kila ulipopiga. Wewe ulikuwa umeifunika mdomo."

Hapo Obeid akakumbuka. Wiki moja kabla ya jubilei alikuwa amefanya majaribio pale Mbeya, akapiga maua na watoto wa jirani. Alipomaliza, akafanya alivyofanya maisha yake yote mkanda ukiisha: aliitoa kadi, akaitia ndani ya kikopo cha plastiki cha mkanda, akakifunika, akakiweka kabatini gizani isije ikaungua na mwanga. Enzi zile asingeweza kusahau kutia mkanda mwingine, kwa sababu kidole gumba kingemwambia. Ukivuta kimkono na hakuna kinachovutika, unajua uko mtupu. Hii ilikuwa haina cha kuvuta. Ilikuwa na kioo tu.

"Kwa hiyo?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Kwa hiyo ulipiga hewa, mzee."

"Hamna namna ya kuzirudisha? Nasikia nyinyi mnarudisha vilivyofutika."

"Kilichofutika kilikuwepo. Hizi hazijawahi kuwepo." Junaid akaona uso wa mzee, akalainisha sauti. "Lakini usiumie hivyo. Siku hizi sherehe moja ina simu mia. Omba kwenye grupu la familia, watakumwagia mpaka ukimbie. Nani atakosa picha ya shela?"

Obeid aliichukua kamera yake na ile ngozi yake, akatoka. Nyuma yake Junaid aliita, "Mzee, soda!" lakini mzee alikwisha kupita mabanda ya mitumba, anatembea kama aliyemwagiwa maji na hataki watu wajue kwamba ameloa.

Simu ikalia akiwa bado sokoni. Alikuwa Eveline, na salamu yake ya Kihehe.

"Shemeji, kamwene! Zimetoka?"

Kuna neno moja fupi lililokuwa linatakiwa pale, nalo ni hapana. Lilimfika kooni. Lakini koo la mtu aliyezoea kusifiwa ni jembamba. Neno likakwama, likatoka lingine.

"Zimetoka, shemeji."

"Ee Mungu! Nimeonekana?"

"Umeonekana mpaka furaha yako imeonekana."

"Na ile Amos ananifunua?"

"Hiyo ndiyo mama yao. Umecheka, mdomo wazi, kama binti. Na Amos anakutazama kama vile hajawahi kukuona."

Upande wa pili akasikia mwanamke mzee anavuta makamasi. "Asante, shemeji," Eveline akasema. "Hamsini zote hizi nilikuwa nangoja hiyo."

Baada ya hapo uongo ukawa kama mbuzi wa kuchungwa. Kila siku unataka majani. Mara karatasi nzuri hazijafika kutoka Dar. Mara umeme. Mara mashine ya Junaid inakula rangi. Eveline alipokea kila sababu kwa "pole, shemeji", na Obeid angekuwa radhi kutukanwa. Huko Mlandege, mwanamke yule aliwasimulia majirani ile picha mpaka wakawa wanaijua: mdomo wazi, kama binti. Wakaanza kumtania sokoni. Mwishowe Amos akapiga simu mwenyewe, na Amos hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Jumamosi jumuiya inasali kwangu. Nimewaambia unakuja na picha."

"Kaka, mashine..."

"Njoo nazo zilivyo."

Alipanda basi Jumamosi asubuhi bila kamera. Alikuwa ameiviringisha kwenye taulo akaiacha nyumbani, chini ya kitanda, kwa sababu kamera iliyoibiwa haiwezi kuonekana begani. Ndiyo, hilo ndilo alilolipata baada ya wiki zote za kufikiri. Njia nzima, Igawa, Makambako, Mafinga, alikuwa anafanya mazoezi ya kuibiwa: alishuka wapi, alinunua nini, aligeuka akakuta nini. Mtu mzima, mwenye wajukuu, mzee anayeheshimika mtaani kwake, anajifundisha sura ya mhanga kwenye kioo cha dirisha la basi.

Sebule ya Amos ilikuwa imejaa. Mzee wa kanisa Yohane alikuwa kwenye kochi kubwa, mama Evarista wa nyumba ya jirani karibu na mlango, na wengine kwenye viti vya plastiki. Ukutani, kalenda na saa vilikuwa vimeondolewa, pakabaki peupe. Chai ilikuwa tayari, na chapati zimefunikwa kwa kitambaa cha maua.

"Kamwene, kamwene!" Evarista akapiga vigelegele. "Amekuja mwenye bibi harusi! Toa, tumechoka kusimuliwa."

"Mwacheni aketi," Eveline akasema, lakini macho yake yalikuwa mikononi mwa Obeid, na mikono ilikuwa mitupu.

Obeid hakuketi. "Kaka. Shemeji. Nimeibiwa." Sauti ilitetemeka bila kufundishwa. "Pale Makambako. Nimeshuka kununua mahindi, narudi, begi hamna. Kamera, picha, kila kitu."

Mtu mmoja akasema, "Jamani." Obeid akangoja swali la kwanza. Alikuwa na majibu ya yote: rangi ya begi, kiti alichokalia, konda alivyosema.

"Wewe mwenyewe hawakukuumiza?" Eveline akauliza.

Jibu la hilo hakuwa nalo. Akatikisa kichwa.

"Basi Mungu asifiwe," mzee Yohane akasema, akajiinua kwa kushika magoti. "Tusimame. Mtu amepona, tuombe. Mama mwenye nyumba, tuongoze."

Wakasimama, wakashikana mikono kama desturi yao. Mkono wa kushoto wa Obeid uliangukia kwa Evarista, wa kulia kwa Eveline mwenyewe. Kiganja cha Eveline kilikuwa kikavu na cha moto, kilitoka kwenye chapati.

"Baba," Eveline akaanza, "tunakushukuru umeniachia shemeji yangu. Picha ni karatasi, yeye ni mtu. Amehangaika na zile picha wiki hizi zote kwa ajili yangu, Baba, wewe ndiye uliyeona. Na huyo ndugu aliyechukua begi, usimpige. Labda ana njaa. Lakini kabla hajazitupa, Baba, mfungue macho, azitazame kidogo. Aone watu wawili wazee wamecheka. Nasi hatudai. Kwa jina la Yesu."

"Amina," wakasema wote.

Obeid hakuweza kuitikia. Alikuwa amefumbua macho muda wote, anatazama vidole vya miguu ya shemeji yake ndani ya kandambili. Angemwacha mwizi aombewe mauti. Mwizi aliyelaaniwa, Obeid angeweza kumbeba. Huyu aliyesamehewa hakubebeka, maana alikuwa amesimama pale pale, na ameshikwa mkono.

"Mwizi hayupo," akasema.

"Atapatikana tu," Yohane akamfariji.

"Hayupo! Hajawahi kuwepo. Sikuibiwa. Kamera iko Mbeya, chini ya kitanda." Akauchomoa mkono wake. "Na picha hazipo. Sikuweka kadi. Nilisimama pale mbele nikapiga kitu kitupu, tangu mwanzo hadi mwisho."

Evarista alikuwa wa kwanza kuelewa. "Ngoja, baba. Si wewe uliyetushushia simu?"

"Ni mimi."

"Kanisa zima?"

"Kanisa zima."

"Na ile uliyonisimulia?" Eveline akauliza taratibu. "Mdomo wazi, kama binti?"

"Niliitunga, shemeji."

Eveline akaketi. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Nimewasimulia watu," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayewaza apite njia gani kwenda sokoni sasa. Amos alifungua mlango akatoka nje, na kupitia dirishani wakamwona amesimama uani, amewapa mgongo, mikono nyuma.

Hapo ndipo Jackline akatoka jikoni na birika. Alikuwa mjukuu wao, binti anayesomea uuguzi pale mjini, na alikuwa amesikia yote. Akaweka birika chini.

"Bibi, usinigombeze," akasema. "Mimi niliiba moja."

"Moja ya nini?"

"Ya kanisani. Babu Obeid alivyosema tushushe, mimi nilishusha, lakini bibi ulipofunuliwa nikashindwa. Nikapiga kwa haraka. Sikuonyesha mtu, nilimwogopa babu. Halafu... si nzuri."

Akatoa simu, akatafuta sana, akampa bibi yake. Eveline akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Vichwa vikakusanyika.

"Hiki ni nini hapa katikati?" Yohane akauliza. "Hema?"

"Hema gani, baba Yohane!" Evarista akasema, na kicheko kilikuwa kinampanda hata kabla hajamaliza. "Ni Obeid! Huyo ni Obeid anachungulia!"

Wakacheka. Wakajaribu kujizuia, wakashindwa. Obeid alisogea akaona. Katikati ya picha, toka zulia mpaka karibu na msalaba, ulikuwa mgongo wake. Kizibao kimepanda, shati limechomoka, miguu imetanuka, makalio yamesukumwa nyuma kuelekea kwa waumini. Amos alikuwa amemezwa mzima. Kilichobaki chake ni mkono uliotokea ubavuni mwa Obeid, umeshika ncha ya shela. Na pembeni, nusu ya uso wa Eveline. Jicho moja, shavu moja, nusu ya kicheko.

Kwa hiyo ndivyo walivyoiona jubilei wale wote aliowashushia simu. Walimwona yeye.

"Nipe niipeleke Mbeya," akasema, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine. "Junaid ana kompyuta. Atanitoa."

"Ukitolewa wewe, Amos atatoka wapi?" Eveline akauliza. "Yuko nyuma yako."

"Anaweza kuchorwa. Siku hizi wanachora, huwezi kujua."

"Wa kuchorwa simtaki. Nimeshakaa wiki nzima nzima na picha ya kutungwa." Akaifuta simu kwa kanga, ingawa haikuwa na vumbi. "Hii hii. Uniletee kubwa, ijae pale ukutani. Na uitengeneze wewe mwenyewe, siyo kumtuma mtu."

"Shemeji, watu watakuwa wanacheka kila wakiingia."

"Wacheke."

Amos akarudi ndani. Jackline akampa simu. Mzee akatazama muda mrefu, akitafuta uso wake, akaukosa. Kisha akaweka kidole juu ya kioo. "Huu mkono wangu," akasema.

"Wako," Eveline akasema.

Amos akamgeukia mdogo wake, na Obeid akaona kwamba kaka yake amezeeka. "Keti unywe chai," akamwambia. "Inapoa." Haikuwa ukaribisho, ilikuwa amri. Obeid akaketi, na chapati aliyopewa akaila yote, kipande kwa kipande, kwa sababu kuiacha kungekuwa kuwaomba wamhurumie.

Jumatatu akawa tena kwenye kaunta ya Mwanjelwa. Jackline alikuwa ameituma picha kwenye simu ya Junaid, na Junaid alikuwa ameifungua kwenye kompyuta, amekunja uso.

"Mzee, hii mbovu. Kuna mtu ameziba. Yaani watu wengine! Anasimama mbele ya maharusi kama ng'ombe barabarani." Akavuta kiti mbele. "Subiri, nimfute. Dakika chache tu."

Mshale wa kompyuta ukaenda ukatua juu ya kizibao. Obeid akautazama. Alihisi kama umetua mwilini mwake, kati ya mabega. Dakika chache tu. Angefika Mlandege na Amos mwenye uso.

"Usimguse," akasema.

"Lakini ndiye anayeiharibu."

"Ni mimi huyo."

Junaid akageuka, akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Hakucheka. Obeid angependa acheke. Kijana akasema "sawa, mzee," kwa heshima iliyozidi kiasi, akabonyeza. Mashine kubwa ya nyuma ikaamka, ikaanza kuguna, na karatasi ikaanza kusogea nje polepole, ikianzia chini: zulia jekundu, soli za viatu, visigino.

Obeid akatoka nje akasimama barazani, asije akajiona anakuja.